Jinsi ya Kumrejesha Shuleni Mtoto Aliyekatiza Masomo: Mwongozo kwa Wazazi na Kamati za Shule za Mwambao wa Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa kamati ya shule anayeishi mwambao wa Ziwa Viktoria, hasa katika mialo (fukwe za kushushia samaki) na visiwa vya Mkoa wa Mwanza, ambaye anamfahamu mtoto aliyeacha shule na anataka arudi, lakini hajui aanzie ofisi gani wala ashike karatasi gani. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika mwambao huu kwa vipindi viwili, na katika muda huo nimeona jambo moja likijirudia: nyaraka za Serikali zinazomlinda mtoto huyu zipo, tena zimeandikwa kwa lugha inayoeleweka, lakini hazimfikii mtoto ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Ruzuku hugawanywa kwa idadi ya walioandikishwa, na walimu na madawati huombwa kwa idadi hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kumsaidia mtoto wa mwaloni ni kumrudisha kwenye maandishi, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kuifanya kazi hiyo.

Anza na rejesta ya mahudhurio

Mwombe Mwalimu Mkuu akupangie siku ya kukaa na walimu wa madarasa na kupitia rejesta. Kamati ya shule imewekwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kwa hiyo mjumbe wake anapouliza habari za mahudhurio haombi hisani. Hata hivyo nenda kwa adabu na kwa miadi, kwa sababu mwalimu wa shule za huku mara nyingi ana vipindi vya walimu wawili, na atakupa muda wake wa kusahihisha madaftari.

Usiishie kuhesabu siku ambazo mtoto hakuonekana, angalia zimekaaje. Niliwahi kukaa na mwalimu wa darasa la tano, tukaiweka kalenda yenye alama za mwezi kando ya rejesta, tukafuata mistari ya wavulana wanne waliokuwa wakiitwa watoro sugu. Siku zao za kukosa zilikuwa karibu zile zile kwa wote wanne: walipotea siku za giza, wakarudi mbalamwezi ilipokolea, wakapotea tena mwezi ulipofifia. Mtu yeyote aliyelelewa mwaloni ataelewa mara moja. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa haufanyi kazi, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa ufukweni na wafanyakazi wake hupumzika. Watoto wale hawakuwa watukutu, walikuwa wameajiriwa. Tulipogeuza ukurasa wa wasichana tukaona utoro wa aina nyingine, wa asubuhi tu, siku zile zile za giza, kwa sababu dagaa wanaoshushwa alfajiri lazima waanikwe na kugeuzwa kabla jua halijawa kali. Adhabu ya viboko isingeweza kutibu utoro wa namna hiyo hata ingetolewa kila wiki.

Ukimaliza kupitia rejesta, andika orodha yako mwenyewe na uitenge katika makundi matatu: wanaokosa mara kwa mara lakini bado wako darasani, wanaokaribia siku 90 za kutoonekana mfululizo, ambazo zikitimia mwanafunzi huhesabiwa kuwa ameacha shule, na wale waliokwisha kuhesabiwa hivyo. Kundi la pili ndilo la haraka kuliko yote, kwa maana mtoto aliyefikisha siku 80 anaweza kurudishwa kwa mazungumzo ya jioni moja na mzazi wake, ilhali aliyevuka 90 atahitaji barua, vikao na subira.

Kwa kila jina andika jina kamili kama lilivyo katika rejesta (watoto wengi wana jina la nyumbani na jina la shule, na barua yenye jina la nyumbani itarudi), darasa na mkondo, tarehe ya mwisho aliyohudhuria, namba yake ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi husajiliwa nayo, jina la mlezi na kitongoji anachoishi. Kisha andika sababu ya kuacha kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Mara nyingi sababu aliyoiandika mwalimu, sababu anayoisema mzazi na sababu anayoisema mtoto ni tatu tofauti.

Wapo pia watoto wa makambi wanaohama na wazazi wao kufuata samaki, leo wako Kome, miezi mitatu baadaye wako Ukara au upande wa Musoma. Katika shule waliyoiacha wanahesabiwa watoro, na katika kisiwa walichohamia hawahesabiwi kabisa. Mtoto huyo hana kosa la utoro; anachokosa ni uhamisho. Mzazi anapaswa kuomba uhamisho kwa Mwalimu Mkuu wa shule anayotoka kabla hajapakia vyombo kwenye mtumbwi, ili taarifa za mtoto zihamishwe katika mfumo wa PREM kwa namba ile ile. Iwapo familia imekwisha kuondoka, Mwalimu Mkuu wa shule ya alikohamia anaweza kuwasiliana na mwenzake akiwa na jina kamili na namba hiyo. Viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) wanazijua kambi na wenye mitumbwi wote, na nimewaona wakisaidia sana pale walipoombwa kwa heshima wataje kambi zenye watoto wa umri wa shule.

Tambua ni mlango upi unaomhusu mtoto huyo

Sera haiwatendei watoto wote kwa njia moja, na mtu akibisha mlango usio wake hupoteza muhula mzima. Nitaanza na msichana aliyepata ujauzito, kwa sababu hapo ndipo pana kutoelewana kwingi zaidi.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wasichana hao hawatarudi katika shule za Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba zuio hilo limeondolewa, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaagiza kurejeshwa kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo. Mwongozo wa utekelezaji ulitolewa mwaka 2022. Soma tena maneno hayo, "kwa sababu mbalimbali", kwa sababu watu wengi wanadhani waraka huo ni wa wasichana waliojifungua peke yao. Unamhusu pia mvulana aliyekwenda kuvua na mtoto aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yake.

Nasisitiza tarehe hizo kwa kuwa bado wapo watendaji na walimu wanaofanya kazi kwa tamko la 2017. Namkumbuka msichana mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juu ya mchanga huku mtoto wa miezi saba amefungwa mgongoni kwa kitenge, ambaye aliniambia kwamba aliuliza shuleni akaambiwa "Serikali imekataza". Alikuwa ameulizia mwaka mzima baada ya waraka kutoka. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Aliyemjibu hakuwahi kuuona waraka. Tangu siku ile natembea na nakala yake ndani ya bahasha ya plastiki, kwa sababu ya mvua na maji ya ziwani.

Jambo la kuzingatia mno katika utaratibu huu ni muda: mwanafunzi anapaswa kurejea ndani ya miaka miwili tangu alipokatiza masomo. Kwa hiyo ile tarehe ya mwisho ya kuhudhuria uliyoiandika kwenye orodha yako ndiyo inayoamua. Msichana aliyeacha akiwa na ujauzito wa miezi minne, akajifungua, akanyonyesha mwaka mmoja na kisha familia ikajadiliana miezi mingine sita, tayari muda wake uko ukingoni. Familia nyingi huchelewa kwa sababu ya kesi ya mwanamume aliyehusika. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito, na ukubwa wa adhabu hiyo umezifanya familia kadhaa zimalizane kimya kimya na kumficha msichana asionekane shuleni. Suala la jinai lina njia yake, nayo ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Lishughulikiwe huko, lakini barua ya kurudi shuleni isingoje hukumu.

Aliyevuka miaka miwili, au ambaye umri umempita, ana njia nyingine. Kwa aliyekosa elimu ya msingi kuna MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ambao madarasa yake huendeshwa katika shule za msingi za kawaida. Uliza kwa Afisa Elimu Kata ni shule ipi katika kata yenu ina darasa hilo, na kama hakuna, orodha yako ya majina ndiyo hoja ya kuliomba. Kwa aliyeacha sekondari kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye ofisi mikoani ikiwamo Mwanza, ambayo huwaandaa vijana kwa Mtihani wa Maarifa (wa kustahili kufanya wa kidato cha nne) na mtihani wa kidato cha nne nje ya mfumo wa kawaida. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo vimekuwa vikiwapokea mama vijana pamoja na watoto wao wachanga kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, na kwa msichana asiye na wa kumwachia mtoto, njia hiyo inaweza kumfaa kuliko kurudi darasa la saba kukaa na wadogo zake.

Mtoto ambaye hajawahi kuandikishwa kabisa hahitaji waraka wowote maalumu. Sheria ya Elimu inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie hadi amalize, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwekea mzazi wajibu huo huo. Mwenye ulemavu, akiwamo mwenye ualbino, apelekwe kwanza kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri kwa ajili ya upimaji, kwa maana matokeo ya upimaji ndiyo yanayoonyesha kama atasoma katika shule ya jirani kwa kusaidiwa au katika shule yenye huduma hizo, kama ile ya Mitindo wilayani Misungwi. Usikubali aambiwe asubiri mwakani bila kupimwa.

Andika barua

Mazungumzo ya mdomo shuleni ni mazuri, lakini hayaachi alama. Mwalimu Mkuu akihamishwa, na katika visiwa huhamishwa sana, ahadi yake huondoka naye. Barua inabaki kwenye jalada. Kwa shule ya msingi iandikwe kwa Mwalimu Mkuu, kwa sekondari iandikwe kwa Mkuu wa Shule, na iandikwe na mzazi au mlezi mwenyewe, hata kama mjumbe wa kamati ndiye atakayemshikia kalamu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba na shahidi atie saini pembeni. Ukurasa mmoja unatosha. Huu hapa ni mfano ambao nimeutumia na umekubaliwa zaidi ya mara moja:

*Yah: Ombi la kumrejesha shuleni mwanafunzi aliyekatiza masomo*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi (jina kamili), aliyekuwa darasa la sita mkondo B katika shule yako, mwenye namba ya PREM (namba), ambaye alihudhuria masomo kwa mara ya mwisho tarehe (tarehe). Aliacha masomo kwa sababu ya (sababu), na sababu hiyo sasa imeshughulikiwa. Kwa kuzingatia Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, naomba arejeshwe katika darasa alilokuwamo kuanzia tarehe (tarehe). Naomba kujibiwa kwa maandishi.*

*Nakala: Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kijiji.*

Sentensi ya mwisho, inayoomba jibu la maandishi, isiachwe hata ukishawishiwa kwamba haina haja. Mtu anayetakiwa kukataa kwa maandishi hutafuta kwanza kifungu cha kukatalia, na akikosa kifungu hukubali. Vilevile usijaze barua maneno ya kuomba radhi wala ya kumlaumu mtoto. Nimesoma barua za wazazi zenye nusu ukurasa wa kusema kwamba binti yao alipotoka, na barua hizo zilimfunga mtoto mwenyewe, kwa sababu mtu wa ofisini alizisoma kama ushahidi wa nidhamu mbaya.

Toa nakala mbili. Moja inabaki shuleni, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kisha uihifadhi. Kama shule haina muhuri karibu, saini na tarehe ya aliyepokea zinatosha.

Barua isipojibiwa

Subiri majuma mawili. Kisha mwone Afisa Elimu Kata ukiwa na ile nakala yenye saini, na umwombe aandike chochote juu yake, hata neno moja la kuelekeza. Ngazi inayofuata ni Afisa Elimu wa halmashauri, wa msingi au wa sekondari, na juu yake ni Mkurugenzi Mtendaji. Wathibiti ubora wa shule hawamo katika mstari huo wa utawala, lakini wanapokuja shuleni kukagua ni halali kabisa kwa kamati kuwaonyesha orodha ya watoto walioko nje.

Gharama ya kufuatilia ndiyo inayowashinda wengi. Mtu wa Kome anayefuatilia barua makao makuu ya Halmashauri ya Buchosa, Nyehunge, lazima avuke kwa kivuko hadi Nyakaliro na kisha atafute usafiri wa nchi kavu, ilhali wa Buhongwa au Igoma, jijini Mwanza, anapanda daladala. Kwa hiyo msisafirishe barua moja moja. Kusanyeni za watoto wote wa kijiji, mziorodheshe katika barua ya kufunikia iliyosainiwa na mwenyekiti wa kamati, na mtu mmoja azipeleke zote kwa safari moja inayolipiwa kwa kuchangiana. Barua tisa zenye barua ya kufunikia huwekewa jalada lao, na ile ya peke yake mara nyingi huishia mezani chini ya nyingine. Nimewahi kumsubiri afisa mmoja kutwa nzima kwa ajili ya barua moja, nikaambiwa jioni kwamba haionekani. Tuliporudi na tisa, tulipokelewa.

Ikiwa mnachohitaji ni taarifa, mathalani idadi ya wanafunzi iliyopelekwa halmashauri kutoka shule yenu au kiasi cha ruzuku kilichoingia, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Sijawahi kulazimika kufika mbali nayo. Kuitaja tu katika barua kumetosha.

Fedha: kinachotakiwa kwa mzazi na kinachokuja shuleni

Watoto wengi walioacha shule huku hawakuwahi kufukuzwa kwa barua. Waliambiwa wasirudi bila kitu fulani, wakakaa nyumbani kukisubiri. Mzazi ajue basi mpaka uko wapi. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ada na michango ya lazima viliondolewa katika shule za Serikali tangu chekechea hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa pia. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua yanayobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mchana kwa mwanafunzi wa kutwa, usafiri na matibabu. Januari 2018 Rais Magufuli aliagiza mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Michango ya hiari, ya kujenga choo au darasa, inaruhusiwa ikiamuliwa na wananchi wenyewe, na ikusanywe na uongozi wa kijiji. Mwalimu asiishike, na mtoto asiwe ndiye anayedaiwa mbele ya wenzake mstarini.

Upande wa pili wa hesabu hauzungumzwi sana vijijini. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 hupelekwa shuleni, ambazo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Tuchukue mfano wa shule ya kisiwani yenye wanafunzi 160: itapata shilingi 80,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo na shughuli za ofisi. Shule ya mjini yenye wanafunzi 2,000 itapata shilingi 1,000,000. Shule hiyo ya mjini ina mateso yake, maana darasa linalopaswa kuwa na wanafunzi 45 linaweza kuwa na mara mbili au mara tatu yake, na siionei wivu. Lakini Mwalimu Mkuu wa kisiwani ananunua katoni ile ile ya chaki kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu ameongeza nauli ya kuvuka maji kwenda na kurudi, na bado ana ofisi ile ile ya kuendesha na paa lile lile la kutengeneza. Kanuni inayompa kila mtoto shilingi 500 sawasawa inaonekana ya haki ikisomwa Dodoma. Inapofika Ukara inakuwa imemnyima mtoto wa Ukara, na naamini kwa dhati kwamba ingepaswa kuongezewa kiwango cha umbali na cha udogo wa shule. Azimio la elimu ya msingi kwa kila mtoto lilipitishwa mwaka 1974 pale Musoma, kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Watoto wa mialo hawastahili kuwa wa mwisho kulifaidi.

Hadi kanuni hiyo itakapobadilishwa, kamati inaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, watoto waliorejeshwa waingie katika takwimu za shule kabla hazijakusanywa mwezi Machi, kwa sababu mtoto aliyerudi Aprili ataanza kusoma lakini ruzuku na madawati vitapangwa bila yeye. Kwa hiyo kazi ya rejesta na barua ifanyike Oktoba hadi Januari. La pili, kamati iombe sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ushuru wa samaki na dagaa unatozwa katika mialo hii hii, na diwani anayesimama kwenye baraza kutetea bajeti anahitaji hoja yenye idadi. Mpeni karatasi yenye jumla ya watoto wa mwalo walioko nje ya shule, gharama ya kivuko ya kununulia vifaa, na ombi moja tu, liwe ni choo cha wasichana (kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20) au shule shikizi (tawi dogo la shule mama) kwa ajili ya watoto wadogo wa upande wa pili wa kisiwa. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na mipango hupikwa miezi mingi kabla. Ombi linalopelekwa Mei limechelewa.

Lipeleke suala mbele ya kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe Mtendaji wa Kijiji aweke ajenda ya mahudhurio ya shule kwa maandishi mapema, na isiingizwe chini ya "mengineyo", ambapo watu wameshaanza kuondoka. Idadi itajwe, majina yasitajwe. Niliwahi kuona msichana akitajwa kwa jina na chanzo cha kuacha kwake shule mbele ya umati, na familia yake ikahama kitongoji.

Katika mkutano huo ombeni maamuzi mawili yaandikwe kwenye muhtasari. Mojawapo ni sheria ndogo au makubaliano ya kumkataza mwenye mtumbwi kuajiri mtoto wa umri wa shule, yakisimamiwa na BMU, ambayo inawafikia wenye mitumbwi kuliko mgambo. Jingine ni chakula cha mchana. Huku kwetu mchango wa chakula unaweza kutolewa kwa dagaa wakavu badala ya fedha taslimu, kila kambi ikatoa kiasi kilichokubaliwa siku za mavuno, na kijiji kikaamua waziwazi kuzibeba familia zisizo na uwezo. Kaya zilizoandikishwa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) zikumbushwe kwamba malipo yao yanaambatana na mahudhurio ya watoto, lakini zikumbushwe kwa lugha ya kusaidia.

Wiki za kwanza baada ya kurudi

Mtoto aliyekaa nje mwaka mmoja akirudi hukuta wenzake wamepanda darasa, na mara nyingi anaweza kusoma kidogo kuliko anavyokumbuka. Mwombe mwalimu ampime kusoma na kuhesabu kimya kimya siku za mwanzo, asimsimamishe mbele ya darasa. Mama kijana anahitaji makubaliano ya mapema kuhusu saa ya kunyonyesha: nani atamleta mtoto, ataketi wapi, na mwalimu gani wa kike amepewa jukumu hilo. Tulipokuwa na msichana wa namna hiyo, bibi yake alileta mtoto saa nne, wakati wa mapumziko, akaketi chini ya mwembe nyuma ya ofisi, na ndani ya wiki mbili hakuna mwanafunzi aliyegeuka tena kuwatazama.

Kwa wavulana, siku ya kuwa macho haimo katika kalenda ya shule. Chukua ile kalenda ya mwezi, tia alama siku ambazo giza la kwanza litaingia baada ya mtoto kurudi, na jioni ya kuamkia siku hizo mjumbe mmoja apite nyumbani kwake kumsalimia mama na kuuliza kama sare imefuliwa. Asubuhi yake mwalimu wa darasa atume ujumbe kwa simu kumwambia mjumbe kama jina limeitikiwa. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu mfululizo, giza kwa giza, na kila mara mjumbe aandike tarehe na jibu la mwalimu katika ile orodha ya mwanzo.